Kibuyu cha Mbegu cha Susu

Juzi niliingia katika duka moja mjini Kitui linalouza vitu vya kienyeji kwa wageni, nikaona kibuyu kikubwa kimetobolewa matundu ili kitiwe taa ya umeme ndani. Nilikiinua nikakinusa. Kilikuwa kimepakwa vanishi, lakini chini ya vanishi ilibaki ile harufu: moshi wa miaka mingi, majivu, na samadi kidogo. Binti wa duka akaniuliza kama ninanunua. Nilikuwa nimerudi umri wa miaka tisa, nimesimama katika uwanja wa shule nje kidogo ya soko la Kabati, na watu wote wananitazama.

Nitawasimulia, maana nimelinyamazia jambo hili miaka mingi na kunyamaza hakujanisaidia chochote.

Mimi na ndugu yangu mdogo Kilonzo tulilelewa na nyanya yetu, ambaye sisi Wakamba tunamwita Susu. Mama alikuwa ameolewa tena upande wa Makueni, na mume mpya hakutaka watoto wa mwenzake. Susu hakumlaumu mbele yetu. Alisema tu kwamba nyumba yake ina nafasi, ingawa ilikuwa chumba kimoja na jiko.

Juu ya jiko hilo ndipo kiliponing'inia kibuyu. Kwetu mwanamke alipimwa kwa mbegu zake, na Susu alikuwa na sifa hiyo tangu kabla ya Uhuru. Kunde alizohifadhi yeye hazikuguswa na fukusi. Alizichanganya na majivu, akaziba mdomo wa kibuyu kwa gunzi la hindi, akalipaka samadi mbichi, kisha akauachia moshi kazi iliyobaki. Kwa hiyo wanawake wa mwethya wake, kile kikundi cha kulimiana mashamba kwa zamu, walimletea mbegu zao baada ya mavuno. Kila mmoja alileta kopo moja la kunde zilizochaguliwa. Kibuyu kilikuwa cha Susu, lakini kilichokuwa ndani kilikuwa cha wote. Na mbegu hailiwi. Hata mtoto akilia, hailiwi. Hilo tulifundishwa kabla ya kufundishwa kusali.

Kisha mvua ikakosa kunyesha. Ikakosa tena. Mimi naitwa Mumbua, jina la mtoto aliyezaliwa mvua ikinyesha, na kila nilipopita sokoni kulikuwa na mtu wa kunitania: "Wewe Mumbua, si umwite mama yako, mvua, arudi?" Mwanzoni nilicheka. Baadaye utani huo ukapata makali, nikaanza kupita nyuma ya maduka.

Nikitoka shuleni, Susu alitutuma maji, mimi na Kilonzo. Mto ulikuwa umekauka, hivyo tulichimba mchanga hadi maji yakachuruzika, tukayachota kwa kikombe. Kwenda na kurudi kulimaliza alasiri nzima. "Na mniletee mchanga safi wa kusugulia sufuria," Susu alikuwa akituambia. "Ule mweupe, muuoshe kwanza." Nilimletea kopo zima kila mara, nikijivunia weupe wake. Tukifika nyumbani tulikuta chakula tayari: maji ya moto yenye chumvi na kunde chache zikielea. Susu alisema ni watu wa kanisa wametukumbuka. Yeye mwenyewe hakula. "Mimi nimeshiba kwa kuonja," alisema. Jumapili moja nilitaka kumshukuru mchungaji kwa zile kunde, na Susu akanifinya paja hadi nikasahau nilichotaka kusema.

Siku moja Mwende alikuja tukiwa tunakula. Mwende alikuwa rafiki yangu, binti wa Mama Mutua, mwenyekiti wa mwethya. Tulikuwa na umri mmoja, na tulishirikiana daftari moja la kuchorea. Susu alimsikia akibisha, akaifunika sufuria kwa kanga na kuisukuma uvunguni mwa kitanda pamoja na bakuli zetu. "Leo hatukuinjika, mwanangu," akamwambia. Mwende alisimama mlangoni kidogo, akinusa, kisha akaenda. Miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba. Nilimkasirikia Susu sana, kwa sababu kwetu mgeni hafukuzwi chakula kikiwa motoni, hata akiwa adui.

Mwende alikufa kabla mwezi haujaisha. Walisema ni surua, na ni kweli alikuwa na surua. Susu hakwenda kumzika. Alisema miguu inamuuma, akakaa siku nzima ndani, akiukoroga moto usio na kitu juu yake.

Katika hali hiyo ndipo chifu alipotangaza maonyesho. Hadi leo sijui ni nani aliyefikiria kwamba watu wenye njaa wanahitaji maonyesho, lakini kusema kweli tulifurahi. Biashara zote za Kabati zilipanga vitu vyao uwanjani. Mwenye kinu cha kusagia alileta mashine yake, ameisugua ikameta, ingawa ilikuwa haijaona punje kwa majuma. Mwenye bucha alitundika ng'ombe aliyekonda hata mbavu zake zikaonekana kutoka barabarani. Mzee Salim fundi cherehani alitoka Kitui mjini na suti moja ya mtoto, akaining'iniza kwenye mti, na hakuna aliyeuliza bei. Hoteli iliuza chai ya rangi. Vikundi vya wanawake vilitakiwa kujenga vibanda vya mambo ya kale, na kibanda bora kingepewa gunia la mahindi.

Gunia lenyewe lilisimamishwa mbele ya meza ya wakubwa. Sidhani kuna mtu aliyetazama kitu kingine siku ile.

Mama Mutua alikuwa bado amevaa kitambaa cheusi cha msiba kichwani, lakini ndiye aliyetusimamia. Walileta vyondo vya mkonge, vigoda vya miguu mitatu, kinu na mchi. Kisha akasema kibuyu cha mbegu kije. Susu akakataa. Alisema kibuyu hakishushwi kabla ya mvua. Mama Mutua akasema kwa upole, "Susu, bila hiyo kibuyu hatuna kitu. Tutakirudisha vile kiko." Susu akawapisha. Mutua, kaka yake Mwende, alikibeba mgongoni kwa kamba, akahema njiani na kutania kwamba kunde za mwaka huu zimenona. Nami nilitembea nyuma yake nikijidai, maana kibuyu kilikuwa cha nyumbani kwetu.

Walimkalisha Susu kwenye kigoda kando ya meza ya kibanda chetu iliyobeba kibuyu, naye akawa sehemu ya mambo ya kale. Jaji alikuwa afisa wa kilimo, mtu mwenye kalamu tatu mfukoni. Alisifu samadi, akasifu gunzi, akauliza kuna nini ndani.

"Mbegu ya kunde," Mama Mutua akasema. "Ya sisi wote."

"Basi tuone kidogo. Hiyo ndiyo elimu yenyewe."

"Mbegu haionyeshwi jua kabla ya mvua," Susu akasema. "Itakufa."

Jaji akacheka. "Hiyo ni imani tu, nyanya." Akaandika kitu kwenye karatasi, akageuka kuelekea kibanda cha jirani, na macho yangu yakaenda kwa gunia. Niliona kwamba linatuponyoka. Niliwaza ugali, wasomaji wangu. Niliwaza ugali mzito wa kukatwa kwa kamba, na Kilonzo akiushika kwa mikono miwili. Kisu cha kuchongea kilikuwa pale mezani kama kitu cha maonyesho. Nilikishika, nikaingiza ncha chini ya ile samadi, nikang'oa gunzi.

"Mumbua!" Susu alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo mno.

Nilikiinamisha kibuyu ili jaji aone. Zilianza kutoka kunde kiasi cha konzi moja, zenye majivu, nzuri. Baada yake ukamiminika mchanga. Ulimiminika juu ya kitambaa cheupe cha mezani, ukaendelea kumiminika hadi ardhini, na mimi sikuwa na akili ya kukiinua kibuyu. Ulikuwa mchanga safi, mweupe, uliooshwa. Niliutambua. Nilikuwa nimeubeba mwenyewe kutoka mtoni, kopo baada ya kopo.

Jaji aliangalia kalamu zake. Mama Mutua alichukua zile kunde chache, akazifikicha majivu, akaziangalia kiganjani.

"Susu. Mbegu yetu iko wapi?"

"Watoto wamekula," Susu akasema. Hakutuonyesha kwa kidole, lakini watu wote walitugeukia, mimi na Kilonzo. Kwa mara ya kwanza nikaona kwamba mashavu ya ndugu yangu hayakufanana na ya watoto wengine pale uwanjani.

"Nimezika Mwende," Mama Mutua akasema. "Kopo yangu ikiwa kwako. Na sikukuja kuomba hata ya kuonja, kwa sababu mbegu hailiwi."

Susu alishuka kwenye kigoda, akapiga magoti, akaanza kuukusanya ule mchanga kwa viganja na kuurudisha kibuyuni. Nadhani hakujua mikono yake inafanya nini.

Mvua ilinyesha mwaka huohuo, ya kutosha. Mbegu za msaada zilikuja kwa lori na mwethya ukaanza kuzunguka, wanawake kwenye mstari, majembe yakipanda na kushuka pamoja, nyimbo zikisikika hadi barabara kuu. Walilima shamba la jirani yetu hadi kwenye ua wa minyaa, wakageuka. Walilima la upande wa pili hadi kwenye ua, wakageuka. Hawakututukana. Susu alilima peke yake nasi tukimfuata kwa vijembe vifupi, na msimu uliofuata hakuweza kuinuka kitandani. Alikufa akiomba radhi kwa mtu aliyemwona mlangoni, na sisi hatukumwona mtu yeyote pale.

Nilipokuwa mtoto nilijua kosa moja tu, la kisu. Nililia kwa ajili hiyo miaka mingi: kama nisingefungua, Susu angekufa na heshima yake. Ni baadaye, nikiwa na watoto wangu, ndipo nilipokumbuka sufuria chini ya kanga na Mwende mlangoni akinusa. Susu hakumfukuza kwa uchoyo. Kama Mwende angeonja kijiko kimoja, angesimulia kwao, na kibuyu kingefunguliwa siku ileile na kunde zikagawanywa kwa nyumba zote, na labda zisingemtosha mtoto yeyote. Susu alichagua. Zile kunde zilikuwa za mama yake Mwende, nami nilizila nikiwa nimemkasirikia Susu kwa kukosa ukarimu. Ninampenda Susu kwa alichofanya, na siwezi kumsamehe, na nimechoka kujaribu kuchagua kati ya hayo mawili.

Mama Mutua yupo hai bado, ni mzee, haoni vizuri. Kila baada ya mavuno mimi humpelekea kopo moja la kunde zilizochaguliwa. Huwa hasemi asante wala hanikatazi kuja. Hulipokea kopo, akaliweka mapajani, kisha huzamisha mkono taratibu hadi vidole viguse chini kabisa. Nami husimama mlangoni, pale aliposimama Mwende, hadi autoe.