Mwisho wa hadithi niliokataa kuusoma

Niliwahi kukataa kupona mbele ya darasa zima.

Leo nimekutana na Nafula sokoni Kamukuywa, akanikumbusha.

Ilikuwa miaka ya tisini, tuko darasa la sita, tunakalia dawati moja. Mimi natembea kwa magongo kwa sababu ya polio.

Mwalimu akaniita nisome ukurasa wa mwisho wa kitabu cha hadithi. Msichana kiwete alikuwa mtiifu sana, basi akapona, akatupa magongo, akakimbia.

Ati mtiifu. Kwani mimi nilimkosea nani?

Nikasoma: "Msichana akachukua magongo yake, akaenda shule, akapita mtihani."

Mwalimu akaniangalia. "Hiyo imeandikwa wapi?"

"Haijaandikwa, mwalimu. Lakini huyo wa kitabu mimi simjui."

Akaninyang'anya kitabu, akampa Nafula. "Soma kilichoandikwa."

Nafula alikuwa mwoga, bana. Akasimama.

"Msichana akachukua magongo yake," akasoma, "akaenda shule, akapita mtihani."

Tulifukuzwa darasani sote wawili. Nilitoka polepole, makusudi, na Nafula akanishikia mlango.

Nani mwingine alisomeshwa kitabu kama hicho? Semeni hapa.