Kamera ya Kike

Kaka yangu ndiye aliyeniambia kuwa kamera ya mwanamke ni ndogo. Alikuwa amekaa kwenye benchi la wateja ndani ya studio yangu pale Nachingwea, amenyoosha miguu mpaka chini ya pazia langu lenye mchoro wa maporomoko ya maji, na aliongea kwa upole, kama mtu anayembembeleza mtoto anywe dawa.

"Ndogo inaingia mkobani," alisema. "Ile kubwa ni ya wanaume, dada. Ina mambo mengi."

"Mambo gani?"

"Mengi."

Maishani mwake hakuwahi kupiga picha hata moja. Lakini kwetu mtu akishakuwa kaka anajua, na akiwa mjomba wa watoto wa dada zake anajua zaidi, maana kwetu kusini mjomba ana neno.

Ilikuwa katikati ya miaka ya elfu mbili, filamu zilipoanza kutuacha. Miaka yote ya tisini nilikula kwa kamera ya filamu. Ukimaliza mkanda unampa kondakta wa basi aupeleke Mtwara kusafishwa, halafu unaomba Mungu barabara isikatike. Sasa wale wa Mtwara wakaanza kutuma salamu kwamba mashine ya filamu inazeeka, spea hazipatikani, tulete kadi. Kadi maana yake kamera ya dijitali, na za dijitali kwa mtu wa kipato changu zilikuwa za namna mbili. Kulikuwa na ile ndogo ya mfukoni, unayoishika mbali na uso ukitazama kioo chake cha nyuma. Na kulikuwa na ile kubwa ya kubadilisha lenzi, ya daraja la wanaoanza, ambayo lazima uibandike jichoni.

Kaka alikuwa na hoja moja ya kweli, na sikuikataa. Ndogo inatumia betri za tochi, na betri za tochi zipo kila duka la kijijini. Kubwa inataka chaji ya umeme, na umeme wetu wa jenereta ulikuwa unakuja ukijisikia. Hoja nyingine zote, vumbi, wezi, uzito, macho ya watu, zilikuwa hoja moja tu iliyobadilishwa nguo: wewe ni mwanamke.

Basi nikaijaribu ndogo kwanza, nisije nikaambiwa nina kichwa kigumu bure. Mwalimu mmoja wa sekondari, mteja wangu, aliniazima ya kwake likizo ya Juni, nikaenda nayo Naipingo kwenye unyago.

Nieleze kidogo. Siku ya kutoka, wali, yaani mabinti waliofundwa, wanaletwa uwanjani wamefunikwa kanga, vichwa vimeinama, wanakalishwa mkekani. Kungwi, yule mama aliyewafunda, anawafunua mmoja mmoja. Mwali ananyanyua uso mara moja, watu wamwone alivyokua, kisha anauinamisha na hamtazami mtu machoni. Ndiyo adabu aliyofundishwa, na ndiyo picha ambayo kila mama anaitaka ukutani kwake. Ya ndani sisemi, na ukiniuliza nitakunyima chai. Wapiga picha wanaume wanaachwa nyuma pamoja na akina baba. Mimi nilichezwa unyago kama wanawake wenzangu, kwa hiyo naruhusiwa kupiga magoti mbele ya mkeka. Hapo ndipo palipokuwa na ugali wangu.

Kumbe ile kamera ndogo ilikuwa na tabia ya kumulika mara mbili. Mwanga wa kwanza ni wa kukonyeza tu, eti macho yasitoke mekundu, na picha yenyewe inakuja na mwanga wa pili. Lakini watu wetu walikuwa wamezoea kamera za filamu. Wao wakiona mwanga wanajua kazi imekwisha. Mwali wa kwanza akafunuliwa, akanyanyua uso, kamera ikakonyeza, mtoto akainama, kungwi akamrudishia kanga yake na vigelegele vikalia. Hapo ndipo kamera ikapiga picha. Nikapata picha nzuri sana ya kanga. Hata maandishi yake yalisomeka.

"Bado!" nikapiga kelele. "Bibi, naomba arudie!"

Kungwi alinitazama kama niliyetukana. "Mwali hanyanyui uso mara mbili," alisema.

Nikauzima ule mwanga kwa wa pili. Haikusaidia. Ukibonyeza, kamera inakaa kwanza inafikiri, na mwali hakungojei umalize kufikiri. Niliondoka Naipingo na picha za kanga, visogo na kidevu kimoja. Akina mama walinifuata mpaka studio. Hawakupiga kelele, afadhali wangepiga. Mmoja wao alisema tu, "Tulikuletea watoto, umetupa kanga," na wakatoka mmoja mmoja bila kuaga. Nililia siku ile, kwa hasira zaidi kuliko aibu.

Korosho zilipouzwa mwaka ule nilipanda basi kwenda Dar. Muuza duka aliziweka kamera zote mbili juu ya kabati la kioo, kisha akachungulia nyuma yangu.

"Mzee yuko wapi?"

"Mzee yupi?"

"Atakayeitumia."

"Ndiye unayeongea naye."

Akacheka, akanisogezea ile ndogo. Akaniambia ni nyepesi, ni ya kisasa, na tena ina megapikseli nyingi kuliko ile kubwa, kwa hiyo nisibabaike na umbo. Nadhani hakunidanganya, ndivyo ilivyoandikwa kwenye maboksi. Nikamwambia asimame mlangoni kwenye mwanga apige makofi, moja moja, taratibu.

"Makofi ya nini, mama?"

"Piga tu. Mimi ndiye mteja."

Akapiga. Nikawa nabonyeza pale viganja vinapokutana. Kwenye ile ndogo, picha ya kwanza ilitoka mikono yake iko mbalimbali kama mtu anayeeleza ukubwa wa samaki. Ya pili alikuwa ameshaacha kupiga makofi na anajikuna shingo. Nikachukua ile kubwa, nikaibandika jichoni, nikabonyeza. Viganja vimegusana, na macho ameyafumba kidogo kwa kishindo cha kofi lake mwenyewe. Nikarudia, vimegusana tena. Nikabonyeza bila kuachia, ikapiga mfululizo, na kila picha ikawa na mahali pake pa mkono.

"Funga hii," nikasema.

"Lakini megapikseli, mama..."

"Megapikseli hazimwoni mtu aliyekwisha kuinama."

Nachingwea walinicheka vya kutosha. Wengine waliiita mzinga wa nyuki. Vijana wa kijiweni walisema bimkubwa kaja na bazuka. Kaka aliizunguka mezani, hakuigusa, akatikisa kichwa na kuuliza kama duka linarudisha. Nilimwambia kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji, akasema mimi si ng'ombe, nikasema basi na yeye asiwe chura. Tulikaa wiki nzima hatusalimiani vizuri. Na kusema kweli, zipo siku ile kamera ilinitesa. Umeme ukikatika naranda na chaja mkononi kutoka saluni hadi kwenye kinu cha kusaga, nikibembeleza watu wenye jenereta. Ndogo isingenifanyia hivyo. Lakini maji nilikuwa nimeshayavulia nguo.

Juni iliyofuata ilikuwa zamu ya mtoto wa dada yangu. Dada ameolewa upande wa Ruangwa, kule Mbwemkuru, na binti yake alikuwa ameingizwa ndani na wenzake. Wiki ile ile dada akaanguka na baiskeli, amekaa nyuma juu ya gunia la ufuta, na mfupa wa paja ukavunjika. Nilimkuta hospitali ya misheni, mguu umening'inizwa kwa kamba na vyuma vya uzito, hawezi hata kugeukia ukuta. Ngoma haikuweza kungoja. Wali walikuwa wengi, vyakula vimekusanywa, na shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Mtoto mwenyewe hakuambiwa. Kungwi alikata shauri kwamba habari mbaya haziingii kwa wali, atazijua akishatoka.

"Mdogo wangu," dada aliniambia, akiwa amenishika mkono mpaka ukauma. "Nimezaa huyu mmoja wa kike. Sitaki kusimuliwa. Nataka niuone uso wake unavyonyanyuka. Ukiniletea kanga, usinijue."

Sikulala vizuri mpaka siku ile. Niliichaji betri Nachingwea mpaka ikajaa, nikaifunga kwenye kitambaa na sikuiwasha kamera njia nzima. Asubuhi uwanjani jua lilikuwa limekaa vizuri, la pembeni, sikuhitaji mwanga wowote. Wakaletwa. Kungwi alikuwa akiimba kwa Kimwera na akina mama wakimwitikia. Nikapiga magoti. Mwali wa kwanza, wa pili, nikawapata, kila mmoja na uso wake. Mtoto wetu alikuwa karibu na mwisho. Kungwi alipomfunua nikabonyeza na sikuachia.

Nilijua palepale kuna jambo, kwa sababu vigelegele vilichelewa. Yule mtoto hakuinama. Niliona mkono wa kungwi ukimshukia kichwani, ukamkandamiza, na hapo ndipo akainama.

Ngoma ilipotulia akina mama wakanizunguka. Walikuwa wamesikia kwamba kamera hizi zinaonyesha picha hapo hapo. "Tuonyeshe!" Nikasema hapana. Betri iliyobaki ni ya mtu mmoja, nao watapata zao zikisafishwa. Wakasema nina maringo ya mjini. Kungwi naye akaja, na kwa jinsi alivyokaza midomo nilielewa kwamba si picha anayoitaka, anataka kuhakikisha lile halimo.

"Fungua nione," alisema.

"Samahani, bibi. Mama yake kwanza."

Akafyonza, akaondoka. Kaka, aliyekuja kama mjomba wa mwali na kusimama na wanaume, alinishika njiani kabla sijapata gari.

"Nimeona," alisema. "Na wenzangu wameona. Mtoto katutia aibu, anakodoa macho kama yuko sokoni. Zile picha zifute. Bakiza ile aliyoinama, umsafishie mama yake hiyo."

"Kaka, kamera ya nani?"

"Mimi ni mjomba wake."

"Nimekuuliza kamera ya nani."

Nilimwacha barabarani. Nisifiche, sikuwa nimewahi kumjibu hivyo mbele za watu. Lori la ufuta lilinibeba juu ya magunia, nikafika hospitali na vumbi mpaka kwenye kope. Muuguzi mlangoni akasema saa ya kuona wagonjwa imekwisha, nirudi kesho. Nikamwambia kesho betri itakuwa imekufa na mimi nitakuwa nimekufa. Akanitazama juu mpaka chini, akahamia upande mwingine wa korido na kujifanya anahesabu mashuka.

Dada alikuwa macho. Hakungoja salamu, alinyoosha mkono tu. Nikaishika kamera juu ya uso wake, maana hakuweza kukaa, kioo chenyewe hakizidi ukubwa wa kiberiti, nikaanza kumsogezea moja moja.

Ya kwanza, kanga imetoka, uso umenyanyuka, macho amefumba kwa jua. Wamempaka mafuta anang'aa. Dada akacheka kwa sauti, akasema, "Pua ya baba huyo!" Ya pili, macho yamefunguka. Hayatazami chini, hayanitazami mimi. Yanatazama upande wa kulia, kwenye mkeka wanapokaa akina mama wa wali. Ya tatu, shingo imegeuka kabisa, mdomo uko wazi kidogo, macho yamefika mwisho wa mkeka ule. Ya nne, mkono wa kungwi uko kichwani na yeye bado anatazama.

"Rudisha," dada alisema.

Nikarudisha.

"Anatafuta nini huyu?"

Nilimwacha aione mwenyewe, na aliiona. Machozi yalimteremka kuelekea masikioni kwa vile alivyolala chali, na hakuyafuta.

"Ananitafuta mimi," alisema.

Nikamwambia yote, sikutaka ayasikie kwa wengine. Nikamwambia kungwi amekasirika, kaka anasema mtoto katutia aibu na anataka nizifute, nibakize ile ya kuinama. Hiyo nayo ipo, nikamwambia, ni nzuri, ina adabu, kila mtu ataisifu. Wewe ndiye mama, sema nisafishe ipi.

Dada aliishika kamera kwa mikono yake miwili, nzito vile vile, akaivuta karibu mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. Akaipangusa kwa ncha ya shuka.

"Safisha hii ya shingo," alisema. "Kubwa, ya kutundika sebuleni, kila aingiaye aione. Na wakisema mtoto hana adabu, waambie amefunzwa na mama yake."