Gitari ya Mulango wa Kabati

Bado munanicheka hapa Kolwezi, basi acha mi mwenyewe nieleze.

Mwaka ule bakubwa balikula feza ya mugodi mupaka ukakufa, kisha bakasema makosa ni ya batu ba Kasai, bafukuzwe. Rafiki yangu Mukendi, mupiga gitari wetu kanisani, naye akaambiwa apande treni. Nikaamua kumutengenezea gitari ya umeme ya kumuaga.

Mbao aliniletea Kabwe, mwizi yule mupiga besi wetu, siku nyumba ya Mukendi iliporwa. Ilikuwa mulango wa kabati, umechorwa na kisu mistari ya kupima urefu wa batoto, na majina yao. Majina niliyajua. Nikapaka rangi nyekundu juu yake.

"Tia mafuta ya motere ya gari ndani ya rangi, Tata, itang'aa," Kabwe akasema.

Ikang'aa kweli. Kukauka ndiyo ikakatala.

Siku ya treni tukapiga muziki pale gare, kituo cha treni, mi nimekumbatia gitari kama bibi-arusi, Kabwe kando na gitari ya besi ya buluu aliyotengeneza juma lile lile.

"Tata Mukendi, zawadi yako!" Nikavuta. Imenata kwa shati! Mukendi akavuta na nguvu yote. Shati ikapasuka, ikaondoka na rangi, mi nikabaki tumbo wazi mbele ya gare nzima.

Mukendi akasoma mbao polepole: "Ilunga. Mbuyi. Kapinga. Eh! Si majina ya batoto bangu haya?"

 Kisha akageukia besi ya Kabwe.

"Na mulango wa pili wa kabati, Tata Kabwe?"

Kabwe akataka kutupa besi akimbie. Besi ikakatala kuanguka, akakimbia nayo imenata tumboni.