Nyuma ya Shemeji

Hakuna aliyenituma. Nataka hilo lijulikane kwanza, maana hadi leo kuna watu hapa Ruiri wanaodhani nililipwa. Mimi ni fundi wa nguo. Cherehani yangu iko kwenye kibaraza cha duka la mbolea, na kazi yangu kubwa ni kushona sare za shule na kurefusha sketi za wasichana wanaokua upesi kuliko mifuko ya wazazi wao. Ila fundi wa nguo ana bahati moja. Wanawake humjia wakasimama wima, mikono juu, hawana pa kukimbilia. Basi nikiwapima kiuno nilikuwa nawauliza kama watakuja kwenye mkutano wa maji.

Maji yetu hutoka msituni, juu mlimani, kwa bomba tulilolichimbia mtaro wenyewe. Mradi una kamati, na kamati huchaguliwa na wanachama. Mwenyekiti alikuwa shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu. Chini yake maji yalifika kwenye mashamba ya vitunguu ya upande wa juu yakaishia huko, na sisi wa laini ya chini tukabaki na mifereji inayokohoa hewa. Tulinunua maji kwa watu wa bodaboda, mtungi kwa mtungi, na siku pesa zikikosekana tuliteremka mtoni. Huko mtoni ndiko mwanangu wa mwisho alikopata taifodi. Alipona, namshukuru Mungu, lakini tangu siku hiyo kila nikimwona ameshika kikombe cha maji moyo wangu unaruka.

Kwa hiyo jirani yangu mjane, muuza nyanya, mwanamke asiyejua kunyamaza, aliposema atagombea uenyekiti, mimi ndiye niliyeanza kumtafutia watu. Mkutano uliotangulia walikuja wanaume wachache, wakaketi karibu na meza, wakamrudisha shemeji kabla chai haijapoa. Wanawake hawakuwepo. Walikuwa mtoni.

Kazi haikuwa rahisi, kwa sababu sisi hatupigi kura kwa karatasi. Tunapanga mlolongo. Mgombea anasimama uwanjani, nawe unakwenda kusimama nyuma yake, mbele ya mumeo, mchungaji wako na mtu anayekukopesha mbegu.

"Fundi, hiyo mambo ya kupanga laini mimi naogopa," aliniambia msichana mmoja aliyeolewa mwaka huo, nikimpima gauni. "Kila mtu ataniona."

"Tutakuwa wengi," nikamwambia. "Laini ikiwa refu hakuna mtu anaonekana. Wewe nifuate mimi tu."

Hilo la kunifuata nilimwambia kila mteja. Nilikuwa nikilisema kwa sauti ya mtu jasiri, kisha jioni nikifika langoni napita nimeinamisha kichwa. Mimi na shemeji tunapita lango moja. Shamba tunalolima bado lina jina la baba mkwe, halijagawanywa, na siku litakapogawanywa mzee atamsikiliza mtoto wake mkubwa kabla ya kumsikiliza mtu mwingine yeyote. Mume wangu anafanya kazi ya kuezeka nyumba Isiolo, na sikuwa nimemwambia lolote. Mpango wangu ulikuwa mmoja tu: niingie katikati ya laini ya mjane, nizungukwe na wanawake wenye miili, nivute kitambaa hadi kwenye nyusi, nihesabiwe haraka, niende zangu.

Siku yenyewe walikuja. Niliwaona wakiingia uwanja wa shule ya msingi kwa makundi, wenye watoto mgongoni, wenye majembe kabisa, wakakaa kwenye nyasi wakanikazia macho. Badala ya kufurahi nilitokwa na jasho. Ukishawatoa watu nyumbani, lolote litakalowapata ni lako.

Naibu wa chifu, aliyekuwa msimamizi, aliomba mtu aongoze maombi, kisha akasema wenye kadi za uanachama wasogee mbele. Wanaume wakasogea. Mjane naye akasogea, kwa kuwa kadi ya marehemu mumewe sasa ilikuwa yake. Sisi wengine tukatazamana. Mtaro tulichimba sisi, na mitungi twabeba sisi, lakini siku ya kuandikisha wanachama waliandikwa waume zetu. Nilikuwa nimepita kila nyumba nikiwaeleza wanawake jinsi ya kusimama, na neno la kadi halikunijia hata mara moja. Wala wao hawakulikumbuka. Nilitaka ardhi inimeze.

Shemeji alitabasamu. "Naibu, hawa wageni wetu tunawashukuru. Wakae tu waone."

Wanawake wakaanza kunung'unika, na mjane akasimama akamwambia naibu kwamba nusu ya wenye kadi wako kazini mbali, kwa hiyo wasipowakilishwa na wake zao mkutano hautatimiza akidi. Naibu alikuna kichwa. Mwishowe akatoa hukumu ambayo sijawahi kuisikia kwingine: mwanamke ambaye mumewe hayupo ampigie simu, aweke spika, na mume aseme mbele ya watu kama amempa nafasi yake. Waliokuja na waume zao, waume waseme hapo hapo.

Basi uwanja ukageuka soko la simu. Mume mmoja alikuwa kwenye mnada wa mifugo, hatukusikia kitu ila mbuzi. Mwingine aliuliza kama ni mkopo. Mzee mmoja pale pale alimwinua mkewe mkono, akasema yeye magoti yanamuuma, mama amsimamie. Msichana wangu wa gauni alipiga simu, na sauti ya kijana ikajibu kwa nguvu, "Asimame mahali anataka. Mimi nimechoka kununua maji ya bodaboda." Watu wakacheka, na kwa muda mfupi nikapumua.

Nilikuwa natafuta namba ya mume wangu polepole, nikiomba mtandao upotee, shemeji aliponijia akiwa na simu yake sikioni.

"Usimalize kredo ya simu, bibi yetu. Nimempigia mimi."

Akaweka spika. Nilisikia nyundo, kisha mume wangu. "Naam, mkubwa."

"Tuko kwa mkutano wa maji. Bibi yetu ako hapa, anataka kusimama na kadi yako. Asimame wapi?"

Nyundo ikanyamaza. Nilijua anafikiria. Namjua mume wangu: si mtu mbaya, ila hajawahi kumwambia kaka yake hapana tangu wakiwa watoto. Nikatamani aulize mimi nataka nini.

"Si asimame na wewe," akasema. "Ni wapi kwingine?"

Simu ikakatika. Shemeji alinishika bega kwa upole kabisa, akanipeleka kwenye mlingoti wa kushoto wa goli, akasimama, nami nikawa mtu wa kwanza nyuma yake. Mjane alikuwa amekwisha kusimama kwenye mlingoti wa kulia. Hakunitazama, na hilo liliniuma kuliko kama angenitukana.

Naibu akasema tupange laini. Wanaume wa vitunguu wakaja nyuma yangu mmoja mmoja, wakiongea habari za bei. Nyuma ya mjane hakukuwa na mtu. Wanawake walibaki kwenye nyasi wakinitazama mimi. Hapo ndipo nilipoelewa: nilikuwa nimewaambia wanifuate.

Msichana wa gauni ndiye aliyeinuka kwanza. Akajipangusa nyasi, akaja moja kwa moja hadi kando yangu, akainama kidogo.

"Fundi," akanong'ona, "ni hapa?"

Shingo ya shemeji ilikuwa mbele ya pua yangu. Niliona kola yake, niliishona mimi mwenyewe kabla ya Pasaka. Nikafikiria lango letu. Nikafikiria shamba lisilogawanywa, na mzee, na mume wangu juu ya paa. Wale wote kwenye nyasi walikuwa wanangoja kuona msichana huyu atasimama wapi. Sauti iliyonitoka haikuwa ile ya kwenye kibaraza.

"Si hapa," nikamwambia. "Kule."

Shingo ya shemeji ilikakamaa. Hakugeuka. Msichana alinitazama kana kwamba nimepandwa na homa, kisha akavuka upana wa goli, akasimama nyuma ya mjane. Mwanamke mwingine akainuka, na wa tatu na mtoto mgongoni. Kisha nyasi zote zikainuka, na yule mke wa mzee wa magoti akawa anawapanga kwa kuwasukuma mabega.

Naibu alihesabu kwa kugusa kila mtu begani. Aliponigusa nilijisikia kama ninaporwa, kwa kuwa nami pia nilihesabiwa, nikaongeza upande ambao sikuutaka. Hakukuwa na haja ya kuhesabu sana. Laini ya shemeji iliishia kabla ya katikati ya uwanja. Laini ya mjane ilipita katikati, ikapinda, ikafika karibu na goli la pili.

Naibu alipomshika mjane mkono akauinua, wanawake walipiga vigelegele hadi walimu wakatoka ofisini. Mimi nilikuwa bado nyuma ya shemeji, mikono mbavuni, nikijiambia ninyamaze, niende nyumbani, nipike, nipite lango kimya kimya. Nilikuwa na hofu kama sijawahi. Kisha kigelegele kikanitoka, kirefu, chembamba, sikioni mwake kabisa.

Aligeuka akanitazama. Nilijaribu kufunga mdomo, lakini cha pili kilikuwa tayari njiani.