Mshipa wa Shangazi

Kazi yangu ni kutazama vipande vya watu kwa hadubini, na sikuwahi kukiombea dua kipande chochote. Kipande cha utumbo mwembamba wa shangazi yangu nilikiombea.

Walimtoa uvimbe mkubwa kama limau, na kabla mshono haujakauka mtaa mzima wa Jang'ombe ulikwishamzika. Majirani walikuja kumtazama na nyuso za matanga. Mwenyewe naye alikubali upesi mno: alikataa uji, akasema chakula cha nini kwa mtu anayesafiri. Nilikereka hadi nikawa nabamiza milango ovyo kazini.

Kipande kiligandishwa ndani ya nta, kikakatwa chembamba kuliko ganda la kitunguu, kikatiwa rangi. Nilipoinama kutazama niliona seli ndefu nyembamba, na moyo ukanienda mbio, maana uvimbe mkorofi wa utumbo, ule tunaoukuta mara nyingi, nao una seli za namna hiyo. Lakini hizi zilikuwa na adabu yake. Viini vilijipanga safu safu, kama msikitini imamu akishasema nyoosheni safu, na pembeni chembe nyeupe za damu zimeuzingira uvimbe. Kitu hicho nilikijua vitabuni tu. Sikujiamini, kwani jicho la jamaa lina upendeleo. Nikaagiza rangi inayoshika seli za neva, nikamwomba na mwenzangu atazame. Rangi ikashika, kipande chote kikawa hudhurungi. Si saratani, akasema mwenzangu: ni uvimbe wa ala ya neva, adimu na mpole, na umetolewa wote. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Nikaenda kwa shangazi na Kiswahili changu fasaha. Neno "neva", la Kizungu, niliona haya kulitumia mbele ya mtu mzima.

"Shikamoo, shangazi. Majibu yametoka. Uvimbe wako ulitokana na mshipa."

Mtu aliyekuwa akinyweshwa maji kwa kijiko aliinuka akakaa kitako.

"Mshipa! Mie? Mshipa si maradhi ya wanaume? Unataka watu wanseme vipi huko nje?"

Nilikuwa nimesahau. Kwetu ukisema fulani ana mshipa, watu humfikiria mwanamume mwenye busha, anayetembea miguu imeachana.

"Si huo, shangazi. Mshipa wa fahamu."

"Ehee! Sasa nshakuwa mwendawazimu."

"Si fahamu za kichwani. Za tumboni."

"Tumbo langu lina fahamu?"

"Naam, lina."

"Lingekuwa na fahamu lisingefuga uvimbe!"

Nikamwambia nililopaswa kulisema tangu mlangoni: "Si saratani, shangazi. Hufi kwa hili."

Machozi yakamtoka, yakanitoka na mimi, na sikumbuki siku nyingine niliyofurahi namna ile. Akataka uji. Alikunywa bakuli zima, kisha uso ukaanza kumkunjamana, akaweka bakuli chini. Nikaogopa, nikadhani ni mshono.

"Unaumwa?"

"Siumwi, mwanangu. Juzi nlimwita mke mwenzangu hapa hapa, nkamsamehe yote, nkijua nakwenda zangu." Akajifuta mdomo kwa ncha ya kanga. "Sasa ikiwa sifi, ntaishi naye vipi?"