Mita Ilizunguka na Nyumba Haina Mtu

Hapana, ngoja kwanza. Usiniambie eti "labda mzee alikuwa na friji amefichia mahali." Friji ya kuweka nini? Maziwa ya mbuzi ambayo inaisha kabla haijapoa? Wewe hujawahi kuingia chumba chake. Mimi nimelala hapo. Kuna ngozi ya kulalia, ekicholong yake, kale kakigoda ka kukalia na kuwekea kichwa, majerikeni, na redio ya betri. Ya betri, umesikia? Mtu anaiba stima usiku na mchana halafu anaenda dukani kununua betri?

Basi kaa, nikueleze vile ilikuwa.

Ilikuwa mwaka ule mafuta ilipatikana upande wa Lokichar na kila mtu hapa Lodwar akaanza kujenga vyumba vya wageni. Mwenye hiyo nyumba alikuwa mfanyabiashara ametoka Kenya. Ndiyo, sisi husema hivyo, ukipita Kitale umeingia Kenya. Duka lake lilikuwa Kakuma, karibu na kambi, anauza unga na magodoro. Akajenga vyumba vizuri hapa Lodwar, tiles, feni kwa dari, akangoja watu wa mafuta. Watu wa mafuta wakajijengea kambi yao huko porini. Nyumba ikabaki tupu. Yeye akafunga milango yote, akarudi Kakuma na funguo. Akaacha soja mmoja wa kulinda, huyo mzee, kwa kachumba ka langoni ambako hakana hata swichi moja.

Na bado bili ilikuja kama ya hoteli imejaa.

Mwenye nyumba akashuka na pikapu yake, hakuenda hata kwa nyumba. Akaenda moja kwa moja kwa hoteli ya chai karibu na stendi, mahali mzee hunywa chai kila asubuhi, akasimama juu yake mbele ya watu wote.

"Huyu mzee mnayemwona anauza stima yangu! Anachajia mji mzima simu!"

Mzee akaweka kikombe chini. "Bwana, mimi hiyo stima sijui hata rangi yake."

"Utaijua. Narudi Kakuma. Nikija tena nataka nionyeshwe mwizi, ama utaenda kumwonyesha polisi."

Watu wakacheka. Hapo ndipo damu yangu ilipanda. Baba yangu alipokufa, ukoo wake wote ulijifanya haujui njia ya kwetu. Huyo mzee, ambaye hata si damu yetu, alileta mbuzi wa maziwa akamfunga mlangoni kwa mama akasema, huyu ni wa watoto. Mimi ni mmoja wa hao watoto. Kwa hivyo ukimgusa huyo mzee umenigusa, na mimi sigusiki vizuri. Nikasimama nikamwambia mwenye nyumba, "Nitakuonyesha huyo mwizi. Na ukishamwona, utarudi hapa hapa uombe msamaha."

"Wewe ni nani?"

"Fundi."

Akaangalia slippers zangu, akacheka naye.

Fundi wa shule sikuwa, ni kweli. Stima nilijifunzia Kakuma, kambini, nikivutia waya Mkongomani mmoja mwenye jenereta kubwa. Alikuwa anauzia maduka mwanga. Jenereta ikianza kukohoa alijua kuna mtu amejiunganisha bila ruhusa, na dawa yake ilikuwa moja: zima laini, halafu nyamaza, usikilize nani atapiga kelele. Mwenye haki atakuja polepole kuuliza. Mwizi ndiye atapiga kelele kwanza. "Mudogo," aliniambia, "waya haiibake yenyewe. Kuko mutu." Hiyo maneno niliinywa kama uji. Tangu hapo nikiona waya naona mkono wa mtu.

Basi nikaenda kwa hiyo nyumba. Mita ilikuwa kwa ukuta wa lango, ile ya zamani yenye kisahani kinazunguka. Nikachungulia. Kinazunguka. Si mbio, lakini hakilali. Swichi kubwa ilikuwa kwa kasanduku nje ya veranda, upande ule mwingine wa uwanja. Nikaizima. Nikanyamaza, nikasikiliza.

Hakuna aliyepiga kelele. Kuku tu.

Nikarudi kwa mita. Bado kinazunguka! Nyumba yote imezimwa na mita inakula. Nikajua kazi imekuwa ndogo: kama swichi imezimwa na mita inatembea, basi inayokula iko katikati, kati ya lango na veranda, kwa ile waya iliyofukiwa chini. Kuna mtu ameichimba akaiuma.

Nani? Jirani alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, anatengeneza milango. Ukuta mmoja. Sikumpa hata salamu.

"Wewe! Waya yako inapita wapi?"

Akainua ile miwani nyeusi. "Ejok na wewe pia. Waya gani?"

"Unakula stima ya mtu!"

"Kijana, hii inayokupigia kelele kwa masikio ni nini? Si ni jenereta? Ningekuwa na stima ya bure ningenunua dizeli ya kunukia kama manukato?"

Wafanyakazi wake wakaangua kicheko. Sikumwamini. Nilizunguka ukuta wake wote nikitafuta mahali mchanga umeguswa. Nikamshuku mama wa mandazi upande wa pili, nikauliza huo moto wake ni wa makaa kweli. Akanionyesha makaa, akanionyesha na mwiko. Nikashuku hata yule aliyenionyesha njia ya choo. Wote walikuwa na sura ya wizi siku hiyo.

Hakukubaki mahali ila uwanja wenyewe. Nikachukua jembe nikaanza kufuata waya kutoka langoni. Mzee alikuwa amekaa juu ya ekicholong yake, ananiangalia. Nilipokaribia mwarobaini mdogo katikati ya uwanja, akainuka.

"Hapo usichimbe."

"Kwa nini, Apa?" Sisi huita wazee wetu hivyo, baba.

"Mama wa nyumba, bibi ya bwana, alisema huo mti usife. Mimi naupa maji kila siku. Chimba kwingine."

Nikasimama na jembe. Waya inapita hapo hapo, na mzee hataki nichimbe. Nikaanza kumwangalia vile nilimwangalia yule wa kuchomelea. Nikajiuliza, huyu anaficha nini? Na mbele ya watu wa chai nimeapa.

"Apa, niambie. Kuna nini hapo chini?"

Akaangalia ule mti. "Mahali hapo si pazuri. Mbuzi hawataki. Wakikuja kula majani wakati nimetoka kumwaga maji, wanaruka kama wameumwa na nge. Mmoja alianguka. Nilifikiri kuna mtu amezika kitu kibaya."

"Na wewe ukisimama hapo?"

"Mimi? Mimi sisikii kitu."

Nikaangalia miguu yake. Akala. Zile viatu za tairi la lori, nene kama mkate. Nami kwa haraka yangu ya kujua, badala ya kufikiri, nikapiga goti na nikaweka mkono kwa huo mchanga wenye maji.

Sikumbuki nikiruka. Nakumbuka niko chali, mkono umekufa ganzi mpaka begani, na mzee anacheka mpaka machozi, ameshika magoti.

"Kumbe na wewe ni mbuzi!"

Tulimwita mtu wa stima, akapanda nguzo akatoa fyuzi, ndipo nikachimba. Chini ya mwarobaini nikaipata. Fundi aliyeingiza stima kwa nyumba, waya yake ilikuwa fupi, akaiunganisha katikati, akafunga kiungo na kipande cha tyubu ya baiskeli na karatasi ya nailoni, akafukia. Kwa mchanga wetu mkavu ingekaa hivyo miaka. Lakini mti ulipandwa juu yake na mzee mwaminifu akaunywesha kila siku asikose, kwa viatu ambavyo stima haiwezi kupita. Tyubu ikaoza. Stima ilikuwa inamwagika ardhini, na mita inahesabu. Hakukuwa na mtu. Yule Mkongomani wangu alinifundisha vizuri, lakini hiyo hakunifundisha.

Nilipounganisha upya, kwa waya nzima, na fyuzi ikarudishwa, kisahani kikalala. Kimya kabisa.

Mwenye nyumba akaja. Nikamwonyesha tyubu imeoza, nikamwonyesha mita. Akapapasa kidevu, akacheka. "Basi, yameisha. Mwambie mzee aendelee na kazi."

"Twende hotelini ukaseme."

"Nikaseme nini?"

"Kwamba si mwizi. Pale pale ulisema."

"Sasa mimi nitaenda kutangazia watu wa chai habari ya tyubu ya baiskeli? Kijana, acha maneno mengi." Akatoa kwa pikapu mfuko wa tumbako. "Mpelekee. Atafurahi."

Akaendesha kurudi Kakuma.

Mzee aliupokea mfuko, akaunusa, akaurudisha mkononi mwangu. Kesho yake tukaenda chai pamoja, mimi ndiye nilimvuta. Kabla hajakaa, kijana mmoja wa bodaboda akapaza sauti, "Chomoeni chaja, soja ameingia!" Meza zote zikacheka. Nilimshika huyo kijana shati, nikaeleza habari ya waya kwa sauti ambayo walisikia mpaka stendi. Wakasema ndiyo, ndiyo, tumeelewa, wewe si ni mtoto wake. Mzee aliacha chai ikiwa inatoa moshi, akatoka. Hajanywa tena pale mpaka leo.

Sasa wewe unayejua sana habari za friji: ungekuwa wewe mwenye nyumba, ungeingia ile hoteli ukasema "nilikosea," ama na wewe ungetuma tumbako?