Ndugu Bila Jina la Ukoo

Mdogo wangu alipopata kazi ya ghalani katika nchi ya baridi, mwajiri alimwambia hawalipi mkononi. Afungue akaunti kabla mwezi haujaisha, la sivyo nafasi apewe mwingine. Pesa ya kufungulia nilimtumia mimi kutoka kwetu Bwera, baada ya kuuza kahawa ya shamba letu la Kyarumba. Benki ikamwuliza imetoka kwa nani. Akasema, "Kwa dada yangu."

Jioni akanipigia. "Dada, wanasema wewe si dada yangu."

Nilicheka. Wazazi walipofariki niliacha shule nikiwa darasa la sita, nikamlea yeye na wengine wawili.

"Majina yetu hayafanani," alisema. "Wanataka jina la ukoo."

Sisi Wakonzo hatuna. Mtoto hupewa jina la zamu yake ya kuzaliwa, kisha la ubatizo. Ukiita jina langu sokoni Bwera, wanawake kadhaa watageuka, wote wazaliwa wa kwanza.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, akaniandikia barua na kugonga muhuri. "Kwani kule batoto banazaliwa wote siku moja?" alitania. "Mutoto wa kwanza ni wa kwanza, mama. Uwaambie."

Benki haikuitambua barua hiyo. Ilitaka vyeti vya kuzaliwa, nasi hatukuwahi kuandikishwa. Katika ofisi ya vyeti Kasese niliambiwa nisubiri miezi kadhaa.

"Huko kuna benki nyingine?" nilimwuliza mdogo wangu.

"Ipo. Nayo itauliza wewe ni nani kwangu."

"Andika rafiki."

"Dada, siwezi."

"Unaweza. Kazi ndiyo itakayoondoka. Mimi niko hapa."

Wiki iliyofuata simu iliita nikiwa uani nageuza kahawa juani. Mwanamke mwenye Kiswahili cha pwani alisema anaitafsiria benki. Aliuliza jina langu na kazi yangu, kisha akauliza, "Huyu kijana ni nani kwako?"

"Rafiki."

"Rafiki au mchumba? Usione haya, bibie."

"Rafiki tu."

"Mmejuana muda mrefu?"

"Mrefu."

"Na wazazi wake unawafahamu?"

Makaburi yao yako nyuma ya jiko, hatua chache kutoka pale niliposimama. "Walifariki," nilisema.

"Maskini. Mfikishie pole zangu."

Nilimshukuru, akakata simu. Wadogo wengine wawili walikuwa shule ya bweni, kwa hiyo nyumbani hapakuwa na mtu wa kumsimulia. Nikamaliza kugeuza kahawa.

Kesho yake ujumbe uliingia: "Imekubali. Asante, rafiki yangu."

Alikuwa anatania. Nilianza kumjibu kwa utani, nikafuta. Nikamwandikia ale vizuri, na avae nguo nzito.